Pete mbili za uchumba: ya almasi kutoka duka kubwa na ya sonara wa Ngamiani

Nimewahi kuvaa pete mbili za uchumba, zote kutoka kwa mwanamume mmoja ambaye leo ni mume wangu. Kwa kuwa mdogo wangu anatarajiwa kuposwa baada ya Ramadhani, na ndugu wameshaanza kumshikilia kwamba adai pete ya almasi, nimeona niziandikie tathmini zote mbili pamoja na bei zake.

Ya kwanza ilinunuliwa katika duka kubwa la vito jijini Dar es Salaam kwa shilingi 2,400,000. Ilikuwa ya dhahabu ya karati 18, gramu tatu, yenye almasi moja ya ukubwa wa punje ya mtama. Tulikaribishwa kwa juisi, na taa zilizoelekezwa kwenye vioo zilifanya kila jiwe liwake kama nyota. Muuzaji alitusimulia habari ya almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, ambayo John Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyeolewa mwaka huo huo. Habari hiyo ni ya kweli: jiwe lilikuwa na karati 54.5 (karati ya jiwe ni uzito, si kiasi cha dhahabu kama ile ya pete), na baada ya kuchongwa likabaki na karati 23.6. Lakini haikulihusu jiwe letu hata kidogo, kwani nilipoomba hati ya kuonyesha letu limetoka wapi, lina uzito gani na ubora gani, nilipewa risiti iliyoandikwa “pete ya almasi” na kugongwa muhuri. Hapo ndipo tulipopaswa kuaga. Hatukuaga, kwa sababu mchumba wangu aliamini kwamba kurudi Tanga bila kile kisanduku ni kunivunjia heshima mbele ya shangazi zangu.

Kucha nne zilizoshika jiwe zilikuwa nyembamba mno. Zilinasa kwenye mtandio, zikachana leso mpya, na mwezi wa nane, nikiwa nakanda unga wa maandazi, nilisikia jiwe likicheza chini ya kidole. Duka lilitaka shilingi 150,000 na wiki tatu za kusubiri ili kurekebisha kazi yao wenyewe. Baadaye, tulipotafuta fedha za kumalizia kiwanja, duka hilo hilo lilinijibu kwamba hununua dhahabu peke yake, kwa uzito, na likanipa bei ya shilingi 350,000.

Niliipeleka kwa sonara mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, mzee ambaye kibanda chake kina meza moja, mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo na mtungi wa gesi. Nilimwamkia, akaitikia, akafunga lenzi jichoni. Aliisugua pete ubavu kwenye jiwe jeusi mpaka ikaacha mchirizi mwembamba wa manjano, akaudondoshea asidi, akautazama kwa muda. Mchirizi haukufutika.

“Dhahabu yako ni ya kweli, mwanangu,” alisema. “Robo tatu dhahabu, robo iliyobaki shaba na fedha. Hiyo ukiileta hata usiku nitainunua. Jiwe lako ni zuri, lakini sijui nitamuuzia nani.”

Maneno hayo yalinifungua macho zaidi ya risiti ya duka. Dhahabu ina bei inayojulikana kila siku, ilhali almasi ndogo iliyokwisha kuuzwa dukani haina soko la kurudi, na sasa zipo almasi za maabara, za kaboni ile ile, ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha na za mgodini na ambazo huuzwa kwa bei ya chini sana. Hata hayo mazoea ya kwamba posa haikamiliki bila almasi yalipaliliwa na matangazo. Kampuni ya almasi ya De Beers ilianza kuwatumia watangazaji wa N. W. Ayer, Marekani, mwaka 1938, na mwaka 1947 mwandishi wao, Frances Gerety, akatunga maneno yasemayo kwamba almasi ni ya milele. Bibi zetu walioposwa kwa kilemba, mkaja na mahari hawakuijua.

Kwa hiyo tuliiyeyusha. Nilitamani tanzanaiti, lakini mzee alikataa kwa hoja niliyoithibitisha baadaye: katika kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, yakuti ni 9, na tanzanaiti ni kati ya 6 na 7, hivyo kwa mkono unaosugua masufuria kila siku ingechubuka mapema. Alinitolea yakuti ya bonde la mto Umba, kaskazini mwa mkoa wetu huu wa Tanga, ambayo wachimbaji huiita safaya, ya rangi kati ya zambarau na moshi. Badala ya kucha aliizungushia ukingo wa dhahabu, usionasa nguo wala unga. Jiwe lilikuwa shilingi 180,000 na ufundi 80,000. Almasi niliitengenezea kipini cha pua.

Kasoro zake nazitaja pia. Alichelewa siku tisa, pete ilibana ikabidi aipanue, na ilinilazimu kumwomba mara mbili aandike uzito na karati kwenye risiti. Mteja asikubali kuondoka bila maandishi hayo. Pamoja na hayo yote, pete yake ina thamani ya kila shilingi tuliyompa, na ile ya kwanza haikuwa nayo.

Kuhusu harusi, sitasema mengi. Ukumbi na mapambo vilitugharimu shilingi 3,500,000, na usiku ule ule maua yalipakiwa kwenye gari yakaondoka. Walima nyumbani Chumbageni, mbuzi watatu na mchele kilo 60, haukufika milioni moja, na hadi leo majirani waliomenya vitunguu tangu alfajiri huutaja. Wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Andrew Francis na Hugo Mialon, waliwahoji zaidi ya watu 3,000 nchini Marekani, na mwaka 2014 wakatoa matokeo yao: matumizi makubwa ya pete na harusi yaliambatana na ndoa kutodumu, na wageni wengi yakaambatana na ndoa kudumu. Takwimu za namna hiyo hazithibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, lakini zinafanana na nilichokiona uani kwetu.

Mdogo wangu ameniruhusu nimpime kidole kwa uzi. Uzi huo, wenye fundo jekundu mahali unapokutana, upo kwenye droo ya mzee tangu Jumamosi, na safari hii nimempa tarehe iliyotangulia posa kwa wiki mbili.