Miiba ya chuma ya kuvalia juu ya raba: misimu miwili ya theluji

Msimu wangu wa kwanza wa theluji nilikimbia na raba za kawaida. Nikaanguka kwenye ile barafu isiyoonekana, inayofanana kabisa na lami iliyolowa. Nilijikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavimba wiki tatu. Ndipo nikanunua miiba, na sasa nimeivaa misimu miwili mizima.

Ni mpira unaovutwa na kuvalishwa juu ya raba. Chini yake kuna miiba kumi, sita mbele na minne kisiginoni, yenye ncha za tangsteni, metali ngumu sana. Kabla yake nilikuwa nimejaribu ile aina ya waya uliosokotwa kama springi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa springi zinatosha, tena mguu hausikii kitu kigumu. Kwenye barafu tupu ziliniangusha, nami sizivai tena.

Barafu nayo si moja. Iliyo karibu na nyuzi sifuri ina utando wa maji juu yake, inateleza kuliko ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Kwa hiyo asubuhi ninazoziogopa ni zile jua la jana limeyeyusha theluji na usiku ukaigandisha upya. Asubuhi hizo ndizo miiba inapolipa gharama yake. Kila hatua unasikia inang'ata, sauti kavu kama msumari ukikwaruza kigae, na ile hali ya kukaza mapaja kwa woga inakuondoka. Mteremko niliokuwa nautembea kwa kushikilia ukuta, leo nauteremka nikikimbia, polepole.

Polepole, maana miiba haikufanyi uwe na breki. Hatua ziwe fupi, mguu utue chini ya mwili, usiutupe mbele. Na haimsaidii dereva: gari kwenye theluji linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, kwa hiyo nakimbia nikiyatazama magari yanayokuja, taa kichwani na kizibao cha kuakisi mwanga kifuani. Upepo je? Nyuzi kumi chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi ishirini chini ya sifuri. Naanza kwa kuukabili upepo ili wakati wa kurudi, nikiwa nimelowa jasho, unipige mgongoni. Vidole vikianza kufa ganzi, nageuza nyumbani bila kujadiliana na nafsi.

Sasa kasoro. Lami iliyo wazi ni adui wa miiba hii: inagonga hadi magotini, na ncha zinalika haraka. Njia yako ikiwa nusu theluji nusu lami, utavua na kuvaa mpaka uchoke. Kwenye vigae inateleza vibaya sana, ivue kabla hujavuka kizingiti. Theluji mbichi, ile yenye maji, inajishindilia katikati ya miiba mpaka unakimbia juu ya donge. Inabidi usimame uigonge kwenye ukingo wa njia. Mpira nao hukakamaa kwenye baridi. Nilijaribu kuuvaa nikiwa nje, vidole vikanishinda, nikauvuta kwa hasira, na mwanzo wa ule mpasuko uliopo upande wa dole gumba la kulia ni siku hiyo. Uvae ukiwa ndani, mpira ungali na joto.

Kuhusu saizi, raba yangu iko katikati ya namba mbili. Nilichukua kubwa, na kisiginoni mpira ukawa unachomoka kila nikipanda mlima. Chukua ndogo, iwe inabana.

Nitanunua tena aina hiihii. Mpasuko umefika nusu ya upana wa mpira, na mwiba mmoja wa mbele umebaki kishina tu. Sidhani kama jozi hii itauona msimu wa tatu.