AlgoKit: wiki tatu za kujenga juu ya Algorand kwa Python

Nimeandika Python kwa miaka, lakini kila nilipotaka kuingia kwenye blokicheni nilikwama mlangoni: lugha mpya ya kujifunza, pochi ya kufungua, sarafu ya kutafuta, yote hayo kabla sijaandika mstari mmoja wa maana. AlgoKit, zana za kujengea juu ya mtandao wa Algorand, zimenivusha hapo. Kwa wiki tatu nimezitumia kujenga daftari la vyeti, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma akajua cheti alichopewa ni halali au kimeghushiwa.

Kusakinisha hakuna hadithi ndefu: Python, Git na Docker, basi. Ukiandika `algokit localnet start`, mtandao mzima unawaka ndani ya kompyuta yako, pamoja na akaunti zenye Algo, sarafu ya mtandao huu, za mazoezi. Ukiharibu, `algokit localnet reset` inafuta kila kitu na unaanza upya. Siku ya kwanza niliufuta zaidi ya mara kumi, na sikulipia chochote.

Mkataba mahiri, yaani programu inayoishi kwenye blokicheni, unauandika kwa Python, ila Python yenye masharti. Mashine ya Algorand inaelewa vitu viwili tu, namba kamili za biti 64 zisizo hasi, na baiti. Kwa hiyo `int` inakataliwa, unaandika `UInt64`. Na ukitoa 5 kwenye 3 hupati hasi 2, muamala wote unaanguka. Ukali huu naupenda sana. Panapohusika mali za watu, heri programu igome kuliko ibahatishe.

Jihadhari tu na masomo ya zamani. Python hii ya Algorand ilitoka 2024, na kabla yake watu walitumia PyTeal, ambayo ina uandishi tofauti kabisa. Nilipoteza jioni mbili kwenye somo moja lisilo na tarehe. Ukiona `from pyteal import`, tafuta somo jingine.

Sasa tuje kwenye uwezo wa kubeba watumiaji wengi, maana ndicho kilichonileta. Wengi huuliza kasi, na kasi ipo: kitalu kipya, yaani fungu la miamala, hutoka takriban kila sekunde 3, muamala ukishaingia haurudi nyuma, na ada ya chini ni Algo 0.001. Kitakachokubana ni hifadhi. Kumbukumbu ya pamoja ya mkataba ina nafasi 64 tu. Daftari langu la kwanza lilitegemea nafasi hizo, yaani lingejaa kabla darasa moja kubwa halijamaliza kupokea vyeti.

Dawa yake ni visanduku, hifadhi za pembeni za mkataba, ambavyo unaweza kufungua vingi kadiri unavyoweza kuvilipia dhamana, yaani Algo zinazofungwa kwenye akaunti ya mkataba. Kila kimoja kinadai microAlgo 2,500 (microAlgo milioni moja ni Algo moja), na 400 zaidi kwa kila baiti ya jina na ya maudhui. Cheti changu kina jina la baiti 32 na maudhui ya baiti 32, kwa hiyo dhamana ni 28,100. Nilipojaribu kuandika cheti cha kwanza, muamala ulikataliwa: salio ni 0, kiwango cha chini ni 128100. Nilikaa na namba ile mpaka nikaipata. Ni 28,100 za kisanduku na 100,000 ambazo akaunti ya mkataba yenyewe lazima iwe nazo. Nikaiwekea Algo, cheti kikaingia. Kisanduku kikifutwa, dhamana yake inaachiliwa.

Kama timu yenu tayari inaandika Solidity, lugha ya mikataba ya Ethereum, sioni sababu ya kuhama. Ila kwa mwandishi wa Python anayeanza, hapa ndipo ningemleta kwanza, na ningemwambia apige hesabu ya hifadhi kabla ya kuandika mkataba. Vyeti elfu moja kama vyangu vinafunga Algo 28.1, na lazima ijulikane nani anazitoa. Kwangu anazitoa mtoa cheti: malipo ya dhamana na uandishi wa cheti vinakwenda katika kundi moja la miamala, ukianguka mmoja, linaanguka lote.