Uzoefu wangu: dira ya bamba kwenye ukungu wa Ben Nevis

Dira hii nimeitumia kwa misimu mitatu ya kiangazi katika milima ya Uskoti, mara nyingi nikiwa peke yangu. Mahali palipoipima kweli ni kilele cha Ben Nevis, mita 1,345. Julai bondeni utavaa fulana na usubi watakula shingo yako. Juu ni nyuzi 5 hivi, na upepo wenye unyevu wa Atlantiki ukipanda mlima hupoa ukageuka ukungu mzito kiasi kwamba jiwe lililo mita 20 mbele hulioni.

Ni dira ya kawaida tu: bamba refu la plastiki angavu, duara la kuzungusha lenye alama kila digrii 2, akrabu (sindano ya sumaku) inayoelea kwenye mafuta, lenzi ndogo, na vipimo vya ramani vya 1:25,000 na 1:50,000 pembeni. Nililipa pauni 30 na chenji. Nilichonunua hasa ni urefu wa bamba, maana ukingo mrefu unaunganisha pointi mbili za ramani bila kubahatisha. Vidira vya kuning'iniza kwenye funguo ni mapambo.

Naitumia na ramani ya Explorer 392, ya 1:25,000, kutoka Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza. Kushuka kutoka kileleni wakati wa ukungu kuna maelekezo yanayojulikana: kutoka kwenye nguzo ya wapimaji, tembea mita 150 kwa digrii 231 za gridi (zinazopimwa kutoka mistari ya kaskazini ya ramani), kisha fuata digrii 282 mpaka utoke kwenye uwanda wa juu. Kipande cha kwanza kinakuepusha na mdomo wa korongo la Gardyloo upande wa kaskazini. Cha pili kinakupitisha mbali na korongo la Five Finger Gully, ambako watu wamepoteza maisha. Marundo ya mawe yapo njiani, lakini mwanzoni mwa kiangazi theluji huweza kuwa bado imefunika njia, na kutoka rundo hadi rundo ukungu unaweza kukuachia pengo.

Hapa usijifanye fundi wa kupima papo hapo. Kwenye ramani hiyo mita 150 ni milimita 6 tu. Ukingo wa bamba ukiteleza milimita 1, umeshakosea zaidi ya digrii 9, hata dira iwe ya bei gani. Mimi nimeandika 231 na 282 kwenye kipande cha plasta mgongoni mwa bamba. Tofauti ya kaskazini ya gridi (ya ramani) na ya sumaku (inayoonyeshwa na akrabu) ni ndogo Uskoti siku hizi, ila inabadilika kila mwaka, kwa hiyo soma pembeni mwa ramani na uangalie mwaka iliyochapishwa.

Matumizi yenyewe: zungusha duara hadi 231 ikae kwenye mstari wa kusomea. Shika dira bapa mbele ya kifua, kisha geuza mwili mzima, si mkono, mpaka ncha nyekundu ya akrabu iingie ndani ya mshale uliochorwa kwenye sakafu ya duara. Ikikaa kinyume umegeukia nyuma kabisa, na kosa hili huwapata hata wazoefu wakichoka. Mkiwa wawili mwenzako hutangulia, unampanga kwa sauti. Ukiwa peke yako huna wa kumtuma, hivyo chagua jiwe lililo kwenye mstari, hata kama liko hatua kumi tu, lifikie, kisha pima upya. Inachosha, lakini kutembea ukikodolea akrabu macho ndiko kunakokuvuta pembeni. Kwa umbali nahesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga: 65 kwa mita 100 kwenye tambarare, na 75 au zaidi kwenye mawe yale. Pima hesabu yako mwenyewe kabla ya kwenda.

Sasa kasoro. Kubwa ni simu. Spika yake ina sumaku, na baadhi ya mifuniko ina sumaku kali zaidi. Ukiiweka na dira mfuko mmoja siku nzima, akrabu inaweza kugeuka ncha, nyekundu ikaonyesha kusini. Yangu ilipatwa hivyo mara moja. Niliigundua nikiwa bado bondeni kwa sababu huwa nailinganisha na barabara ninayoijua kabla ya kuanza. Tangu hapo simu ni mfuko wa suruali, dira ni shingoni, na ninapopima simu haiji karibu.

Kipovu cha hewa hujitokeza ukipanda juu au baridi ikizidi. Kikiwa kidogo na akrabu inazunguka kwa uhuru, kiache, kitapotea ukishuka. Alama za vipimo pembeni zilianza kufutika msimu wa pili, nikazifunika kwa selotepu.

Anayetaka kuileta Kenya au Tanzania ajue kwamba akrabu husawazishwa kwa ukanda. Uskoti sumaku ya dunia huvuta ncha ya kaskazini chini kwa karibu digrii 70, kwa hiyo upande wa kusini huongezwa uzito. Huku kwetu mvuto umeelekea upande mwingine, na ncha ya kusini iliyokwisha kuongezwa uzito italala na kukwaruza sakafu ya duara. Muulize muuzaji ni ya ukanda gani kabla ya kulipa. Naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ya kamba yake, nyembamba mno na inakata shingo ikilowa. Niliibadilisha kwa kamba ya kiatu.