Vali ya Njia Moja ya Inchi 4: Tathmini Baada ya Misimu Miwili ya Masika

Kifaa ninachokitathmini ni vali ya njia moja ya inchi 4, ya plastiki ngumu aina ya PVC, ambayo hufungwa kwenye bomba la majitaka kati ya nyumba na bomba kuu la mtaa ili majitaka yatoke lakini yasirudi. Niliinunua katika duka la vifaa vya ujenzi la Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi 140,000, na fundi bomba alitoza shilingi 90,000 nyingine kwa kuchimba, kukata bomba na kujenga chemba ndogo ya kuifikia. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza imepotelea wapi.

Tunaishi Ilala, katika nyumba iliyounganishwa na mtandao wa majitaka, jambo ambalo si la kawaida Dar es Salaam, kwani wakazi wengi wa jiji hili hutegemea makaro na mashimo ya choo. Kwa miaka mingi tulijiona wenye bahati, maana hatukuwa na shimo la kujaa wala haja ya kuita gari la kunyonya. Kisha ikaja mvua ya usiku mmoja wa Aprili, na kabla maji ya uani hayajafika hata kizingitini, majitaka yakaanza kupanda kupitia tundu la sakafu ya bafu. Mama mkwe, aliyekuwa wa kwanza kuyaona, alidhani bomba la maji safi limepasuka, hadi harufu ilipomweleza vinginevyo.

Kinachoshangaza ni kwamba kwa mujibu wa ujenzi wake, mtandao wetu haukupaswa kuguswa na mvua. Katika sehemu kubwa ya London ya zamani, maji ya mvua na majitaka hupita katika bomba moja, ndiyo maana jiji hilo limelazimika kuchimba chini ya mto Thames handaki la kilomita 25 la kupokea yanayofurika. Kwetu mifereji ya mvua ni mbali na mabomba ya majitaka ni mbali. Hata hivyo mvua huingia: kupitia mifuniko ya chemba iliyovunjika au kuibwa, kupitia nyufa za mabomba yaliyozeeka, kupitia mikono ya watu wanaofunua chemba ili uwanja uliojaa ukauke, na kupitia magata ya nyumba yaliyounganishwa kimyakimya na bomba la choo. Paa la mita za mraba 100 likipokea milimita 50 za mvua hutoa lita 5,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, huhitaji siku kumi kutoa kiasi hicho. Bomba lililopimwa kwa ajili ya vyoo na mabafu likipokea maji ya mapaa kadhaa kwa saa moja, hujaa, kina cha maji kwenye chemba za mtaa hupanda, na majitaka hutafuta tundu lililo chini kuliko yote. Mtaani kwetu tundu hilo lilikuwa bafu letu.

Ndani ya vali mna kipande chembamba kinachoning'inia kwenye bawaba, ambacho fundi wetu alikiita ulimi. Maji yanayotoka nyumbani huusukuma na kupita. Yakirudi kutoka mtaani huubana dhidi ya mpira wa kuzibia, njia ikafungwa. Haihitaji umeme wala mtu wa kuamka usiku, na hilo ni jema, kwa sababu mvua ya masika mara nyingi huondoka na umeme.

Katika masika ya kwanza baada ya kuifunga, maji yalipanda tena bafuni. Nilikuwa tayari kumlaumu muuzaji, lakini fundi aliyeinama kuyanusa alisema kwa upole kwamba hayo hayakuwa majitaka. Tulipofunua chemba ya ndani tulikuta bomba la gata la upande wa nyuma limeingizwa humo, pengine tangu nyumba ilipojengwa. Vali ilikuwa imefunga sawasawa, ikazuia ya mtaa yasiingie, na wakati huohuo ikayafungia ndani maji ya paa letu wenyewe. Miaka yote hiyo tulikuwa tukilalamikia mafuriko tuliyokuwa tukiyachangia. Tulikata muungano huo siku iliyofuata, gata likaelekezwa kwenye tangi, na yanayozidi yakapelekwa kwenye mfereji wa mvua. Tangu hapo, masika ya pili yote yamepita bila tone bafuni, ingawa mara mbili niliona kwa macho yangu chemba ya mtaa ikifurika.

Sasa kasoro. Vali ikiwa imefunga, nyumba nayo imefungwa: ukioga au ukivuta maji chooni, maji hayo hayana pa kwenda. Kwa watu wazima ni suala la subira. Kwa nyumba yenye watoto watatu ni suala la kulinda mlango wa bafu. Pili, ulimi hauvumilii uchafu. Mafuta ya kupikia yaliyoganda, pedi au kipande cha nepi kikikwama hapo, hauzibi tena, na hutajua hadi usiku wa mvua. Mimi hufunua na kusafisha mwezi Februari na tena Oktoba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Tatu, na hapa ndipo nyota ilipopotea, mpira wa kuzibia hauuzwi peke yake. Niliambiwa ninunue vali nzima.

Lipo pia jambo ambalo si kosa la kifaa. Majitaka niliyoyazuia hayapotei, huhamia kwenye tundu linalofuata kwa kuwa chini, na jirani yetu wa upande wa bondeni ameanza kuulizia bei ya vali.

Kwa mwenye karo, kifaa hiki ni cha kuacha. Karo likijaa maji ya ardhini wakati wa masika, vali haitalikausha, na wale wanaotapisha vyoo, yaani kuachia kinyesi kitoke na maji ya mvua, hawatazuiwa na plastiki. Kwa aliyeunganishwa na bomba la mtaa na anayeishi bondeni, nashauri achague aina yenye mfuniko wa juu unaofunguka kwa skrubu, si ile iliyogundishwa kabisa ambayo ni nafuu kidogo, na kabla ya kulipa amwage ndoo ya maji yenye rangi kwenye kila gata lake, kisha aende kuchungulia chemba.