Fundi bunduki wa Arusha: anachelewa na simu hapokei, ila silaha ya marehemu babu sipeleki kwingine

Aliniambia wiki tatu, nikaichukua baada ya miezi miwili na nusu, simu anapokea akijisikia, na risiti nimeipata baada ya kununa. Nayasema hayo mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani nimelipwa nimsifie.

Silaha yenyewe ni shotigani ya mitutu miwili aliyoacha babu huko Kibosho, alikuwa anafukuzia nyani kwenye mahindi. Ukoo mzima tumekua tunaambiwa ni ya Mjerumani, kwamba baba yake babu aliiokota vita ya kwanza Mjerumani akikimbia, na kuna jamaa mmoja mjini alishamjaza ba'mdogo maneno, eti hiyo antiki usiiachie chini ya milioni kumi. Ba'mdogo akaanza kupiga hesabu za bati.

Sasa silaha hairithiwi kama kihamba, yani shamba la ukoo, jamani. Mwenye leseni akifariki leseni imekufa naye, bunduki inaenda polisi, na anayeitaka anaomba upya kwa jina lake kwa sheria ya silaha ya 2015, yani barua ya kijiji, kata, wilaya, na huko juu zaidi, ba'mdogo alizunguka karibu mwaka. Alipoipata ndo tukaenda nayo Arusha, imefunguliwa vipande ndani ya begi, tukakodi gari, hatukupanda basi.

Karakana iko nyuma ya nyumba, hakuna kibao. Nikasalimia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba mwanangu, leseni iko wapi?" Hata kiti hajatoa bado! Akaisoma, akawasha tochi, akachukua lenzi akalinganisha namba ya kwenye karatasi na ya kwenye chuma chini ya mitutu. Kwenye karatasi tarakimu ya mwisho ni 1, kwenye chuma ni 7 iliyosagika kichwa. Akairudisha kwenye begi taratibu. "Mwanangu, iliyoandikwa hapa sio hii niliyoshika." Hakuigusa tena mpaka ba'mdogo aliporudi na leseni iliyorekebishwa, wiki mbili zikaishia hapo. Siku ile nilikasirika kweli, ila fikiria umesimamishwa njiani na namba mbili tofauti, nani atakusikiliza ukianza kueleza habari za saba.

Na aliyeisaga hiyo saba namjua. Miaka ya nyuma babu alimpa fundi mmoja wa kuchomelea pale Moshi aing'arishe, yule bwana akapitisha grenda yenye brashi ya waya kwenye mitutu, weusi wote ukatoka ikabaki inang'aa kama sufuria. Kitako akakipiga msasa halafu vanishi ya makochi juu yake. Zile nakshi za kushikia mkono usiteleze zimeisha kabisa, hazirudi. Babu alifurahi, wote tulifurahi, ilikuwa inawaka.

Mzee wa Arusha alipoona akaguna tu.

Kuitambua hakuchukua hata nusu saa. Alitoa ule mti wa mbele, akachomoa mitutu, akaigeuza chali kwenye kitambaa akanionyesha alama ndogo zilizogongwa. Taji, chini yake herufi BNP, pembeni 2½, yani urefu wa chemba inamokaa risasi kwa inchi, na tani 3, presha kwa inchi ya mraba. Hiyo ni nyumba ya upimaji ya Birmingham, Uingereza, ambako kila mtutu unapigwa risasi yenye nguvu kuzidi kawaida kabla haujauzwa, na BNP wameanza kuigonga kwa kanuni za 1954. Nikamuuliza, haiwezi kuwa ya zamani ikapimwa upya baadaye? Akasema ingekuwa hivyo ungekuta na alama za zamani hapohapo, BV, BP na NP kila moja na taji lake, akatafuta na lenzi hakuna. Akaongeza kwamba askari wengi wa Mjerumani 1914 walikuwa bado wanabeba Mauser ya 1871, mtutu mmoja, milimita 11, ya baruti nyeusi inayotoa moshi kiasi kwamba adui anajua ulipo. Haina undugu na hii ya kwetu.

Tuliporudi Kibosho nikapekua sanduku la babu, chini ya stakabadhi za kahawa za KNCU, ule ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro, nikakuta leseni yake ya kwanza, juu imeandikwa Tanganyika, mwaka 1957. Kahawa miaka ile ilikuwa inalipa. Kwa hiyo babu hakurithi kwa mtu, aliinunua mwenyewe kwa hela yake, na sijui kwanini hakuwahi kutuambia, mi naona hiyo stori ni nzuri kuliko ya kuokota.

Kitu nilichokipenda zaidi ni fundi alivyoining'iniza mitutu kwa kamba kwenye ndoano akaigonga na kijinyundo cha mti. Upande wa nyuma, unaokaa kwenye kitako, ililia kama kengele, ndefu. Karibu na mdomo ikatoa sauti ya debe. Maana yake ule ubapa unaoshikanisha mitutu miwili umeachia lehemu pale mbele. Kuna fundi mwingine mjini alikuwa tayari kuichovya kwenye dawa ya moto irudi nyeusi kwa siku moja, bei ya kutupa, mzee akasema hiyo dawa inakula lehemu laini, ungerudishiwa mitutu miwili kila mmoja na njia yake. Yeye ameshikisha ubapa upya, halafu weusi ameurudisha kwa njia ya kutu, anapaka dawa, anaacha ishike kutu, anachemsha kwenye maji, anasugua, anarudia tena na tena. Hapo ndo miezi ilipoishia. Kitako alitoa vanishi akapaka mafuta ya linsidi kwa kiganja, safu nyembamba nyembamba, mbao imerudi kuonekana mbao. Namba hakuigusa, kuifukua namba alikataa katakata.

Halafu risasi. Ba'mdogo alikuwa na boksi la risasi za sasa za milimita 70, na chemba ya hii ni inchi 2½, kama 65 hivi. Zinaingia vizuri tu na bunduki inafunga, ndo mtego ulipo, maana mdomo wa risasi unafunguka ukilipuka na haupati nafasi, presha inapanda. Mzee amemwambia azirudishe alikonunua. Za fupi tumeziulizia, hadi leo hazijapatikana.

Bei? Milioni kumi mfute. Ni boksiloki ya kawaida, yani mtambo wa kufyatulia uko ndani ya kasha la chuma nyuma ya mitutu, muundo wa Anson na Deeley wa 1875 ambao karibu kila kiwanda kiliuiga, haina ejekta ya kurusha maganda nje, haina jina kubwa, na msasa ulishakula nakshi. Huko kwao Uingereza za hivi mnadani zinaenda pauni mia, mia mbili. Tumelipa elfu 50 ya ukaguzi na laki 4 na 20 ya kazi, kwa hiyo kiukweli tumetumia hela karibu sawa na thamani yake, na alituambia hivyo kabla hajaanza, mafundi wangapi wanakwambia hivyo?

Nyota nne. Nenda asubuhi, na leseni mkononi, na umwambie unaihitaji mwezi mmoja kabla ya siku unayoihitaji.

Ba'mdogo akikaa na wenzake kwenye mbege bado anasema ni ya Mjerumani, sema sa hivi ameongeza kwamba Mjerumani mwenyewe aliinunua Birmingham.