Pauni milioni 97.5, miguso saba: tathmini ya usajili wa Lukaku Chelsea

Agosti 2021 Chelsea waliilipa Inter pauni milioni 97.5 kumrudisha Romelu Lukaku. Alitoka kufunga mabao 24 ya ligi na kubeba ubingwa wa Italia. Ila mabao yale yalizaliwa kwenye 3-5-2 ya Antonio Conte, kocha wa Inter, yenye mastraika wawili mbele, na Thomas Tuchel wa Chelsea alicheza 3-4-2-1, yenye straika mmoja. Ukiitazama kwa juu juu ni mifumo ndugu. Kwa straika ni kazi mbili tofauti.

Kwa Conte alisimama nusu ya kulia, mgongo kwa beki, straika mwenzake Lautaro Martínez jirani yake. Mpira ukimfikia, ama anauacha kwa anayekuja kasi, ama anamzungusha beki kwa guu la kushoto na kukimbia. Nafasi ya kukimbilia ilikuwepo kwa sababu Inter waliwavuta wapinzani juu kwanza. Chelsea walimiliki mpira mpaka wapinzani wakapaki basi, wote wakajazana karibu na goli lao. Nyuma ya mabeki hakukubaki kitu, na washambuliaji waliocheza nyuma yake, akina Mount na Havertz, walitaka mpira mguuni palepale anaposimama yeye. Juu ya hayo, Tuchel alitaka namba tisa anayekaba bila kuchoka. Lukaku si wa kazi hiyo.

Mechi ya kwanza ilidanganya watu. Dhidi ya Arsenal alimbana beki Pablo Marí kwa mwili, mpira ukafika kulia kwa Reece James, krosi ya chini, bao. Njia hiyo ilitegemea mabeki wa pembeni: Ben Chilwell akaumia goti Novemba, James akaumia paja Desemba. Mahojiano ya Lukaku na televisheni ya Italia, akiulalamikia mfumo, yalimtoa kikosini dhidi ya Liverpool, lakini tatizo lilishaanza.

Februari 12, 2022, fainali ya Klabu Bingwa Dunia, aliifunga Palmeiras ya Brazil kwa kichwa. Krosi tena! Wiki moja baadaye, kwa Crystal Palace, aligusa mpira mara saba kwa dakika 90, mara moja ikiwa ni kuanzisha mechi.

Alama: 2 kati ya 5, kwa mabao manane ya ligi. Anayenunua straika wa aina hii aangalie kwanza mabao yake ya msimu uliopita: alipokea mpira akitazama wapi, nani alikuwa karibu, na beki wa mwisho alisimama mita ngapi kutoka golini. Napoli walimchukua 2024 kwa takriban euro milioni 30, kocha akiwa Conte yuleyule. Mabao 14 ya ligi, na ubingwa.