Sindano au kisu? Uzoefu wangu na macho yaliyoshuka

Nianze na majibu kabisa ili asiye na muda aishie hapa. Mikunjo ya katikati ya nyusi nimechoma sindano ya Botox, ile ya kulegeza misuli, nimeridhika. Macho yaliyolegea, yaani ngozi ya kope za juu, nimepasuliwa, nimeridhika zaidi. Mashavu na taya nimeyaacha yalivyo, na fila, ile sindano ya kujaza palipobonyea, nimekataa, angalau kwa yule aliyetaka kunichoma. Sasa naeleza kwa nini, maana kila anayeniuliza anauliza kama vile lazima uwe upande mmoja, wa sindano au wa kisu.

Mi nina miaka hamsini na kitu, nauza mbegu na dawa za shamba, na kwa miaka mingi nimejiendesha mwenyewe Dodoma, Kongwa, Kondoa, Manyoni mpaka Singida kule kwa watu wa alizeti. Jua la kanda hii mnalijua na upepo wake na vumbi lake, unashinda kutwa umekunja sura. Daktari ndo alinionesha kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwamba upande wangu wa kulia umezeeka kuliko wa kushoto. Si usukani wetu uko kulia, basi shavu la kulia ndo liko dirishani, na kioo cha mlango kinazuia ile miale inayobabua ngozi lakini ile inayozama ndani na kuilegeza inapita tu. Akasema nchi ambazo usukani uko kushoto madereva wao wanazeeka shavu la kushoto. Nikacheka. Alafu nikapewa kioo nikaacha kucheka.

Kliniki ilikuwa Dar. Niliichagua kwa sababu wifi yangu anakaa Kimara, nikajua nitapata pa kujilaza, na tangu treni ya SGR ianze 2024 hiyo sio safari tena, chini ya masaa manne umefika. Nilichotaka mimi ni Botox ya paji zima la uso, nilishaona kwa watu nikapenda. Daktari akaniambia nifumbe macho nilegeze sura, akaweka madole gumba juu ya nyusi zangu akazikandamiza zisipande, akasema haya mama, fungua macho. Nikafungua, nikamwona daktari nusu! Kumbe ngozi ya juu ya macho ilishashuka siku nyingi, na ili nione nimekuwa nainua nyusi kutwa nzima bila kujijua, na kuinua kwenyewe ndo kunaleta ile mistari ya paji. Sasa ukichoma Botox pale, misuli inayoinua nyusi inalala, nyusi zinashuka, na macho yanazidi kufunikwa. Kwa hiyo hela yangu ya paji aliikataa. Hapo ndo nilianza kumwamini, mtu anayekataa hela Dar es Salaam sio wa kumwacha hivihivi.

Alivyonieleza ni hivi. Botox inalegeza misuli, kwa hiyo inafaa kwa mikunjo inayotokea ukikunja sura au ukicheka. Inaanza kuonekana baada ya siku chache, ikifika wiki mbili ndo imekolea, na miezi mitatu minne imeisha unaanza upya. Fila yenyewe inajaza palipobonyea, ile ya asidi ya haialuroniki inakaa kama miezi 6 mpaka mwaka na nusu kutegemea imewekwa wapi, na uzuri wake ina dawa ya kuiyeyusha ikikaa vibaya. Ila ngozi iliyozidi ni ngozi iliyozidi, hakuna sindano ya kuiondoa, na ukijaza fila nyingi ili kuivuta utaishia na uso uliovimba, wale mnaowaona kwenye tivii. Basi nikachomwa katikati ya nyusi tu, vitobo vidogo, inauma kidogo, nikarudi kwa wifi kula ugali.

Hilo la fila nimalizie. Hapa Dodoma kuna dada wa saluni, siitaji, aliniambia mama njoo nikujaze mashavu bei poa, hata nyumbani nakufuata. Nikamuuliza dawa ya kuyeyusha unayo? Akaniuliza, kuyeyusha nini. Nikaomba kuona na Botox yake, akafungua droo ya chanuo na wanja akatoa kichupa lebo imechubuka. Jamani! Ile kitu inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, sawa na chanjo za kuku ninazouza mimi, na mteja akiniletea chanjo iliyolala kwenye kabati namwambia hii tupa. Na fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au hata kupofusha jicho, ni nadra lakini ikitokea inahesabiwa kwa dakika, we uko sebuleni na dada wa saluni mtafanya nini? Anayekuchoma awe daktari aliyesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, boksi lifunguliwe mbele yako.

Kuhusu kisu, niliuliza kwa nini tusivute uso wote mara moja, maana nilisikia inadumu miaka 7 mpaka 10. Daktari hakujibu, akashika masikio yangu. Nina keloidi kwenye tundu la sikio la kushoto tangu nilipotogwa utotoni, ni kovu lililoota likawa kinundu kama punje ya hindi. Akasema upasuaji wa kuvuta uso unakata kuzunguka sikio, mbele na nyuma, palepale panapoota keloidi, na sisi watu weusi ndo tunazipata zaidi. Pia kuna damu kuvilia chini ya ngozi na kuna mishipa ya fahamu inayoendesha mdomo na tabasamu, ikiguswa unaweza kukaa umepinda kwa muda. Ila ngozi ya kope ni nyembamba na keloidi pale ni nadra sana. Kwa hiyo macho ndio, uso hapana. Leza ya madoa nayo akanionya, nyingi kwenye ngozi nyeusi zinaweza kuacha madoa mapya, akanipa krimu ya usiku ya tretinoini, dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A, na sanskrini ya kukinga jua kila siku. Mkorogo hata sikuuliza.

Siku ya kupasuliwa wakapima presha ikawa juu, nikarudishwa. Nilinuna, lakini presha ikiwa juu damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho na hapo ndo watu wanapoteza kuona, kwa hiyo nikatulia nikameza dawa zangu mpaka ikashuka. Safari iliyofuata wakanichora kwa kalamu nikiwa nimekaa, maana ukilala ngozi inahama, alafu ganzi. Sindano ya ganzi ndo inauma, baada ya hapo unasikia mkasi na kaharufu ka kuunguza mishipa ila maumivu hakuna. Kama saa moja hivi na yote mawili yakawa tayari. Nyuzi zilitoka baada ya wiki.

Malalamiko yangu yako hapa. Bei waliyonitajia haikuwa na dawa za matone wala vipimo, vikaja pembeni nikiwa nimeshavaa gauni, na bima haigusi hivyo vitu. Alafu hakuna aliyeniambia kwamba wiki za mwanzo macho yanaweza yasifunge vizuri usiku na yanakauka, nikaamka saa nane usiku yanawasha kama yana mchanga, nikapiga ile namba ya dharura ikaita weee mpaka ikakata. Asubuhi ndo wakanipa mafuta ya kupaka ndani ya jicho. Kwa upepo wetu wa Dodoma ningerudi mapema ningeumia, nikakaa Kimara mpaka uvimbe ulipotulia.

Matokeo sasa. Naona alama za barabarani bila kuinua kichwa, na ile mistari ya paji niliyotaka kuichoma imepungua yenyewe kwa sababu nyusi hazifanyi tena kazi ya kope. Mama ninayenunua kwake nyanya sokoni Majengo akaniambia dada siku hizi unalala eeh. Hakujua, na ndo nilivyotaka.

Kwa mfuko, Botox niliyolipa karibu laki tano inarudi kila miezi minne kama unataka ibaki vilevile, macho nimelipa mamilioni ila mara moja, sitegemei kurudia leo wala kesho. Daktari nampa tano kati ya tano. Kliniki yenyewe tatu, moja nimekata kwa bei ya kuchomekea na nyingine kwa ile simu.